Nyumba mpya Marekani: kanuni yake ya nishati iliandikwa na nani, na lini?

Shemeji yangu alinipigia simu usiku, sauti imechangamka. Kazini kwao wamempa achague tawi la kuhamia: Dallas, Denver au Boston. Miji yote mitatu alikuwa ameshaanza kuichungulia mtandaoni, nyumba mpya tupu, picha za jikoni zinang'aa. Akaniuliza: "Shemeji, wewe unashinda kwenye dari za watu. Niambie, wapi nyumba haitanimaliza kwa bili?"

Nikamuuliza zimejengwa kwa kanuni ya mwaka gani.

Akacheka. "Si nimekwambia ni mpya?"

Kazi yangu ni kuziba. Napulizia vihami joto darini, naziba matundu yanayopita mabomba na nyaya, nafunga viungo vya mifereji ya hewa ya kiyoyozi. Ule msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta, mimi unanipa mshahara. Katika kazi hii nimeingia nyumba mbili zilizokabidhiwa mwaka mmoja, majimbo tofauti, moja imebana kama chupa ya chai na nyingine upepo unaingia utadhani kibanda cha mnadani. Zote mpya. Zote zimepita ukaguzi. Tofauti yake inaanzia mbali na fundi, kwenye ofisi ambako mtu aliamua, au hakuamua, kubadilisha kanuni ya nishati, yaani sheria inayosema nyumba izibwe kiasi gani isipoteze joto na ubaridi.

Nilichomweleza shemeji usiku ule ndicho nakiandika hapa kwa urefu, maana nimeona watu wengi wetu wananunua nyumba za kwanza huku na wanalinganisha kila kitu isipokuwa hiki.

Washington haina fimbo

Mtu akitoka kwetu hudhani kanuni za ujenzi Marekani zinatoka serikali kuu. Sivyo. Hakuna kanuni moja ya taifa ya nishati inayoibana nyumba ya mtu binafsi. Kuna vielelezo viwili. Cha kwanza kinaitwa IECC, kinatolewa na shirika la International Code Council kila baada ya miaka 3: 2009, 2012, 2015, 2018, 2021, 2024. Hicho ndicho kinachohusu nyumba za kuishi za kawaida. Cha pili ni kiwango namba 90.1 cha chama cha wahandisi ASHRAE, kwa maghorofa marefu na majengo ya biashara. Vyote viwili ni karatasi tu mpaka jimbo au mji uvipitishe kuwa sheria.

Sheria ya nishati ya mwaka 1992 iliipa Wizara ya Nishati kazi ya kupima kila toleo jipya: je, linaokoa nishati kuliko lililotangulia? Wizara ikisema ndiyo, majimbo yana miaka 2. Kwa majengo ya biashara, jimbo linapaswa kuthibitisha kwamba limeifikisha kanuni yake hapo. Kwa nyumba za kuishi linatakiwa kuitazama tu kanuni yake na kuamua kama inafaa kuboreshwa. Toleo la IECC la 2021, kwa mfano, wizara ilikuta linapunguza matumizi ya nyumba kwa karibu asilimia 9.4 likilinganishwa na lile la 2018. Jimbo likijibu "tumetazama, hatutaki", mambo yameishia hapo. Faini hakuna.

Kinachobaki ni pesa. Mwaka 2009, wakati wa mdororo wa uchumi, serikali kuu ilitoa dola bilioni 3.1 kwa miradi ya nishati ya majimbo, na magavana wakatakiwa kuahidi kwamba majimbo yao yatafikia toleo la 2009. Mwaka 2022 ikatengwa dola bilioni 1 nyingine kusaidia majimbo na miji kupitisha kanuni mpya. Ahadi zilitolewa, fedha zikatumika, na bado leo ukivuka mpaka wa jimbo unaweza kurudi nyuma miaka kumi.

Na mwaka una maana kweli. Chukua kipimo cha kuvuja hewa. Tunafunga madirisha yote, tunaweka feni kubwa kwenye mlango wa mbele, tunavuta hewa kwa shinikizo maalumu na kuhesabu hewa yote ya nyumba inabadilika mara ngapi kwa saa. Toleo la 2009 liliruhusu mara 7, na mjenzi aliweza kukwepa kipimo kwa ukaguzi wa macho tu. Toleo la 2012 likafanya kipimo kuwa lazima, likashusha hadi mara 5 kwa kanda za joto kali na mara 3 kwa kanda nyingine zote. Miaka mitatu ya kalenda, na nyumba ikawa kitu kingine. Kwetu pwani mtu hujenga ili upepo upite. Huku, baridi ya Januari ikishuka chini ya sifuri, unajenga ili upepo ushindwe.

Kwa hiyo swali langu kwa kila jimbo ni moja, nalo ni tofauti na lile watu wanalouliza. Watu huuliza "mko toleo gani sasa?" Mimi nauliza: kalamu anayo nani, na wote wakilala usingizi, kanuni inasogea au inabaki pale pale?

Texas: inabaki pale pale

Texas kalamu anayo bunge la jimbo. Mwaka 2001 lilipitisha sheria ya kupunguza uchafuzi wa hewa, na ndani yake ndimo kanuni ya nishati ya jimbo zima ilipozaliwa. Lengo lilikuwa moshi unaotanda juu ya Houston na Dallas. Bili ya mwenye nyumba ilifaidika kwa bahati. Ofisi ya jimbo ya uhifadhi wa nishati, SECO, inaweza kupandisha toleo kwa ushauri wa maabara ya Chuo Kikuu cha Texas A&M. Lakini bunge lilipopitisha sheria ya 2015 liliweka kizuizi: kwa nyumba za familia moja, hairuhusiwi kubadilisha mapema kuliko miaka 6.

Toleo la 2015 likaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2016. Vielelezo vipya vikatoka 2018, vikatoka 2021. Hadi kile cha 2024 kinatoka, kiwango cha chini cha Texas kilikuwa kingali 2015. Hiyo miaka 6 watu waliielewa kama kikomo cha kusubiri. Kumbe sheria imesema tu usifanye kabla. Haikusema ufanye baada.

Wakati huo huo Texas si mahali pamoja. Miji inaruhusiwa kukaza. Austin ilipitisha toleo la 2021 mwaka huo huo wa 2021. Basi ukinunua ndani ya Austin na mwenzako akanunua nje kidogo ya mipaka ya mji, kwenye eneo la kaunti lisilo na halmashauri, mko nchi mbili. Huko nje ya mji sheria inampa mjenzi njia kadhaa za kuthibitisha kwamba amefuata kanuni, na asipokuwa na mkaguzi wa kumfikia, anaweza kujaza fomu na kujithibitishia mwenyewe. Soma tena sentensi hiyo. Mwanafunzi anasahihisha mtihani wake.

Niseme la haki pia. Texas ndiyo inayoongoza nchini kwa idadi ya nyumba zinazopewa alama ya HERS, na sheria yake yenyewe inamruhusu mjenzi kutumia njia hiyo ya alama. HERS ni namba moja: 100 ni nyumba iliyojengwa kwa kanuni ya 2006, 0 ni nyumba inayozalisha nishati sawa na inayotumia, na kila alama ikishuka ni asilimia moja pungufu. Wajenzi wakubwa wanaiweka kwenye matangazo kwa sababu inauza. Kwa hiyo mnunuzi makini anaweza kupata nyumba nzuri sana Texas. Tofauti ni kwamba lazima awe makini, maana sheria haitakuwa makini kwa niaba yake.

Massachusetts na Illinois: kalenda imeandikwa ndani ya sheria

Boston ni mchezo mwingine. Mwaka 2008 bunge la Massachusetts lilipitisha sheria ya miji ya kijani, ikaagiza bodi ya kanuni za ujenzi, BBRS, ichukue kila toleo jipya la IECC ndani ya mwaka mmoja tangu litoke. Hapo mzigo umegeuka. Texas anayetaka mabadiliko ndiye anayehangaika. Massachusetts anayetaka kuzuia ndiye ahangaike. Illinois ina mpango wa namna hiyo hiyo, toleo jipya ndani ya mwaka mmoja, na kazi imepewa bodi ya jimbo iitwayo Capital Development Board.

Kalenda hizi huchelewa, msidanganywe. Toleo la 2021 lilichapishwa mwanzoni mwa mwaka huo, na Massachusetts ilichukua zaidi ya miaka miwili kulifikisha kwenye kanuni yake ya msingi. Bodi ina vikao, vikao vina wajenzi, wajenzi wana mawakili. Lakini kuchelewa na kusimama ni vitu viwili. Aliyechelewa analaumika kisheria. Aliyesimama Texas hajavunja chochote.

Kinachonifurahisha zaidi Massachusetts ni ngazi. Kuna kanuni ya msingi. Juu yake kuna ile wanayoiita Stretch, iliyoanza 2009. Juu kabisa kuna Specialized, iliyotokana na sheria ya tabianchi ya 2021. Mji hauruhusiwi kujitungia kanuni yake ya nishati, ila unaweza kupiga kura kupanda ngazi. Na upo mtego mtamu: mji ukitaka kuitwa Green Community na kupata ruzuku za jimbo, moja ya masharti matano ni kupanda hadi Stretch. Jimbo lina miji 351, na iliyo mingi imeshapanda. Stretch inadai nyumba mpya ipimwe na kupewa alama ya HERS, kwa hiyo mnunuzi anapata namba mkononi bila kuomba.

Kwa fundi, mpango huu una raha yake. Ngazi ni tatu tu. Mkandarasi anayejenga Newton leo na Worcester kesho hajifunzi vitabu viwili, anauliza "hapa ni ngazi gani?" basi.

California: wao hawaazimi kitabu

Shemeji hakuitaja California, lakini huwezi kulinganisha kanuni za nishati ukairuka. Mwaka 1974 gavana Ronald Reagan, ndiyo, huyo huyo, alitia saini sheria iliyounda Tume ya Nishati ya California. Viwango vya kwanza vya majengo vikaanza 1978, miaka mingi kabla IECC haijazaliwa. Wao wana kitabu chao, Title 24 sehemu ya 6, na ramani yao yenye kanda 16 za hali ya hewa. Mtu wa San Francisco na mtu wa Fresno ni wa jimbo moja lakini kanuni inajua kwamba mmoja anatetemeka Julai na mwingine anaungua.

Kila baada ya miaka 3 Tume inafungua kitabu. Inapima gharama ya kila badiliko dhidi ya akiba yake kwa miaka mingi, inaitisha mikutano ya hadhara, inapiga kura, kisha inawapa wajenzi muda wa kujiandaa. Ile maarufu ya paneli za jua ilipigiwa kura Mei 2018 na ikaanza kutumika 1 Januari 2020: nyumba mpya za kuishi za hadi ghorofa tatu lazima ziwe na umeme wa jua. Makelele yalikuwa mengi. Tume ikaonyesha hesabu yake: kwa mkopo wa kawaida wa nyumba, mwenye nyumba ataongeza kama dola 40 kwa mwezi na atapunguza bili ya umeme, joto na ubaridi kwa dola 80. Unaweza kubishana na hesabu hiyo, na watu wamebishana, lakini angalau ipo mezani na kila namba ina mtu wa kuitetea.

Huo ndio uzuri wa tume yenye wataalamu wake: inakwenda kama saa na inaonyesha hesabu. Ubaya ni kwamba California ni tajiri na kubwa. Jimbo dogo likitaka kuandika kitabu chake chenyewe litatumia pesa na watu ambao halina, ndiyo maana majimbo mengi huazima IECC na kuipiga mkasi hapa na pale.

Kisha 2025 saa ya California ikashikwa mkono. Bei za nyumba zilikuwa zimewachosha watu, na bunge likapitisha sheria iliyosimamisha mabadiliko ya viwango vya ujenzi wa nyumba za kuishi kuanzia Oktoba 2025 hadi Juni 2031, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Toleo lililokuwa limeshapitishwa likaendelea, likaanza Januari 2026. Linalofuata ndilo lililokwama. Miji nayo, ambayo zamani iliweza kukaza zaidi kwa idhini ya Tume, mlango umekuwa mwembamba.

North Carolina iliwatangulia kwa njia ya ukali zaidi. Agosti 2023 bunge lilipindua kura ya turufu ya gavana Roy Cooper na kufunga kanuni ya nishati ya nyumba hadi 2031. Pale walipofungia ni kanuni iliyotokana na toleo la 2015, tena iliyokwishalegezwa. Ukiniuliza, kusimama ukiwa juu na kusimama ukiwa chini si sawa. Aliyenunua nyumba mpya California mwaka 2027 atapata kanuni ngumu iliyopoa. Aliyenunua Charlotte, North Carolina, mwaka huo huo atapata kanuni ya zamani iliyofungwa kufuli.

Colorado, na moto wa Louisville

Sasa Denver, ambako shemeji alikuwa anaelekea kimoyomoyo, nilijua tu kwa namna alivyokuwa anasifia milima.

Colorado ni jimbo la miji inayojitawala. Kanuni ya jimbo zima kwa nyumba za kawaida hakuna. Kila mji na kaunti hupitisha yake, na zipo kaunti za vijijini ambazo hazijapitisha kitu. Bunge lisingeweza kuamka asubuhi moja na kuwaambia wote "toleo hili", lingepigwa. Basi wakatafuta ujanja, na mimi nauona ni ujanja mzuri. Sheria ya 2019 ilisema: mji ukibadilisha kanuni yoyote ya ujenzi, lazima pia uchukue mojawapo ya matoleo matatu ya karibuni ya IECC. Sheria ya 2022 ikakaza: kati ya Julai 2023 na Julai 2026, mji ukigusa kanuni yoyote, hata ya mabomba tu, lazima upande hadi IECC ya 2021 pamoja na maandalizi ya nyaya za umeme wa jua na magari ya umeme. Baada ya Julai 2026 inakuja kanuni ngumu zaidi iliyoandaliwa na bodi maalumu.

Maana yake mji unaweza kulala. Ila ukijigeuza kitandani, sheria inakuamsha. Na miji haiwezi kulala milele, kwa kuwa viwango vya bima, zimamoto na mafundi wenyewe huisukuma kubadilisha kanuni nyingine. Udhaifu ni kwamba kuna viongozi wa miji wanaoweza kuahirisha kila kitu ili wasiguse nishati. Mtego ukitegwa njiani, wengine huacha kupita njia.

Lakini funzo kubwa la Colorado halimo kwenye sheria. Mji wa Louisville, karibu na Boulder, ulipitisha IECC ya 2021 mwishoni mwa mwaka huo wa 2021. Tarehe 30 Desemba upepo mkali ukaja na moto wa nyasi, ule uitwao Marshall, na kwa siku moja zaidi ya nyumba 1,000 zikateketea Louisville, Superior na maeneo ya kaunti ya Boulder. Watu waliolala kwenye nyumba za miaka ya 1990 wakaamka hawana nyumba, na bima zao ziliandikwa kwa ajili ya kujenga upya nyumba za miaka ya 1990. Kanuni mpya haikuwa na wiki nyingi tangu ipitishwe, na hao ndio wangekuwa wa kwanza kuitumia.

Makadirio ya gharama za ziada yalitofautiana mno, kila upande ukiwa na namba zake. Watu waliokuwa wanaunga mkono kanuni hiyo kabla ya moto walisimama mbele ya halmashauri wakilia. Mwishowe Louisville ikawaruhusu waathirika kujenga kwa kanuni ya zamani wakitaka. Ungetarajia wote wakimbilie huko. Wengi hawakukimbilia, kwa sababu pesa ilisogezwa upande wa pili: kampuni ya umeme Xcel Energy iliweka motisha, kuanzia dola 7,500 kwa anayejenga kwa toleo la 2021, hadi dola 37,500 kwa anayefika kiwango cha juu kabisa.

Nimefanya kazi na mafundi waliojenga kule. Wanasema kitu ambacho sijakisikia kwenye mikutano yoyote ya wanasiasa: ugumu wa kanuni mpya ni nyumba tatu za kwanza. Ya nne vijana wameshajua wapi pa kuweka gundi. Gharama inayotajwa bungeni huwa ni ya ile nyumba ya kwanza.

Kwa jicho moja

| Jimbo | Kalamu anayo nani | Wote wakilala | Mji waweza kukaza? |
|---|---|---|---|
| Texas | Bunge, na SECO chini yake | Toleo la zamani hubaki | Ndiyo, na baadhi hukaza sana |
| Massachusetts | BBRS kwa msingi, idara ya nishati kwa ngazi za juu | Sheria inadai toleo jipya ndani ya mwaka, ingawa huchelewa | Kwa kupanda ngazi iliyokwisha andikwa tu |
| California | Tume ya Nishati | Mzunguko wa miaka 3, nyumba za kuishi zimesimama hadi 2031 | Kwa shida siku hizi |
| Colorado | Mji au kaunti | Hakuna kitu, mpaka mji uguse kanuni yoyote | Ndiyo |

Kuna mkono mwingine hauonekani kwenye jedwali: mahakama. Berkeley, mji wa California, ulipopiga marufuku mabomba ya gesi kwenye majengo mapya mwaka 2019, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliitengua Aprili 2023, ikisema sheria ya taifa ya vifaa vya nishati ya 1975 inaizuia miji. Athari ilivuka mpaka. Jimbo la Washington, ambalo sheria yake inataka majengo mapya ya 2031 yatumie nishati pungufu kwa asilimia 70 kuliko ya 2006, lilibidi lirudishe mezani kanuni yake iliyokuwa inapendelea pampu za joto za umeme kuliko gesi, ikachelewa na kuanza Machi 2024. Lengo lenye tarehe kama hilo la Washington nalipenda kuliko agizo la "chukueni toleo jipya", maana kielelezo chenyewe kinaweza kulegea. Toleo la IECC la 2024 kweli lilirudisha chini unene wa vihami joto vya darini katika kanda za baridi, kutoka ule wa 2021. Anayefuata kitabu kipya kwa macho yaliyofumbwa hushuka nacho.

Basi uchague nini

Kama wewe ni mnunuzi, usichague jimbo kwa sababu ya kanuni ya nishati. Chagua kwa kazi, shule, ndugu na kanisa au msikiti. Ukishachagua, ndipo kanuni ikusaidie kuchagua nyumba. Boston, uliza ngazi. Denver na vitongoji vyake, uliza mji gani hasa, maana barabara moja inaweza kuwa mpaka wa kanuni mbili. Dallas, uliza alama ya HERS, na kama uko nje ya mipaka ya mji, lipa mtu wako mwenyewe akupimie kabla ya kufunga mauzo. Nilimwambia shemeji tofauti ya baridi pia: Dallas iko kanda ya joto, Denver na Boston ziko kanda ya 5, ya baridi. Kosa la kuziba Dallas linakula kiangazi, Denver linakula majira yote ya baridi.

Uliza tarehe ya kibali cha ujenzi, achana na tarehe ya kukamilika. Nyumba hufuata kanuni iliyokuwepo siku maombi ya kibali yalipopelekwa. Kampuni za ujenzi zinajua hilo vizuri, na kanuni mpya ikikaribia, maombi hufurika dirishani wiki za mwisho. Mtaa mzima unaweza kuuzwa miaka miwili baadaye kama "mpya" huku kibali chake kikiwa cha kanuni iliyozikwa.

Kama wewe huwezi kununua sasa, na wapangaji ndio wengi wetu, kinachokuhusu ni mahali penye kalamu. Texas ukitaka kusikika nenda halmashauri ya mji, bunge hukutana kila baada ya miaka miwili na lina mambo yake. Massachusetts, kwenye miji midogo, kura ya kupanda ngazi hupigwa kwenye mkutano wa mji, watu wachache tu huja, na sauti moja yenye lafudhi ya Bukavu au Tanga inahesabiwa kama nyingine.

Na ukiwa fundi, mimi ningekuambia nenda penye kanuni ngumu hata kama mshahara unafanana. Ukishajua kuziba nyumba ifikie mara 3 kwa saa, hakuna jimbo litakalokutisha. Aliyezoea mara 7 akihamia Boston anaanza shule upya.

Shemeji aliponisikiliza mpaka mwisho akauliza, sawa, lakini nikiwa nimesimama ndani ya nyumba nitajuaje? Nikamwambia atafute cheti. Kanuni ya IECC inamtaka mjenzi abandike karatasi ya kudumu ukutani, karibu na kisanduku cha umeme au chumba cha mitambo ya joto, iandikwe unene wa vihami joto, aina ya madirisha na matokeo ya kipimo cha kuvuja hewa. Tangu toleo la 2021 inapaswa itaje pia nyumba ilipewa kibali kwa toleo gani. Wauzaji hawakuonyeshi, wanakuonyesha kaunta za jikoni.

Jumamosi akanitumia picha kutoka kitongoji kimoja cha Denver. Cheti kipo, kimebandikwa vizuri, kimeandikwa kwa wino wa bluu. Vihami joto, sawa. Madirisha, sawa. Mstari wa kuvuja hewa ulikuwa mtupu.

Nikamjibu: "Mwambie wakala, Jumanne shemeji wako anakuja na feni yake."